Barua Nzuri ya Papa Constantin

Papa Constantin, mwandishi wa barua pale sokoni Kadutu, alizionea haya sentensi fupi. Ukimletea maneno matano, yeye huyavalisha suti na kukurudishia hamsini. Watu walimsifu, naye sifa alizimeza kama ugali.

Mwezi uliopita maman Cibalonza alimjia akihema. Mama mkwe wake alikuwa mahututi na alimwita Pascal, mwanawe wa pekee na mume wa Cibalonza, mchimba dhahabu huko Shabunda.

"Papa, andika tu: mama iko mugonjwa sana, kuya mbio."

"Maman, habari mubaya hawatupie mutu ku uso," Constantin alimjibu. "Pascal iko kule peke yake. Tuifunike kidogo."

Akaifunika kwelikweli! Alianza na salamu za ukoo mzima, zikafuata mvua na maharagwe. Ukurasa wa pili, katikati ya sentensi ya mistari sita, alisema mama "anasumbuliwa kidogo na afya," na ingekuwa furaha Pascal akitokea, kazi ikimruhusu. Alipomsomea Cibalonza, sauti ilikuwa tamu hata yule mama akaamini kwamba maneno yake yamo humo mahali fulani.

Leo amerudi na jibu, pamoja na kitenge kipya. Constantin akalisoma. Pascal alishukuru kwa barua nzuri, alifurahi kusikia wote wazima, atakuja Noeli. Kitenge ni cha mama, akivae kanisani.

"Tulimuzika jana," Cibalonza alisema. "Kila mutu akipiga hodi, alikuwa anauliza: ni Pascal?"

Constantin aliona aibu. Akaingiza karatasi kwenye mashine yake ya kuandikia, na vidole, kwa mazoea yao, vikaanza: Mpendwa ndugu, kwanza kabisa pokea salamu nyingi zitokazo...

Cibalonza hakujua kusoma, lakini aliuona mstari unavyorefuka. Akaweka kiganja juu ya mashine.

"Papa. Sasa andika vile ninasema."

Constantin akaichomoa ile karatasi, akaweka nyingine. Akapiga: Mama yako amekufa. Alikungoja.

Kisha akaongeza sentensi mbili ambazo hakuna aliyemtuma kuziandika, na akamsomea Cibalonza pole pole, neno kwa neno:

"Mke wako alisema uje mbio. Mimi, Constantin, sikuandika."