Bwana Sikubali na Macho ya Mama

Niseme mapema kwamba nimekasirika, na anayetaka kuniambia nitulie aache kusoma hapa hapa.

Miaka sita nimeandika ukurasa wa sayansi na teknolojia katika gazeti linalotoka kila Alhamisi. Ni ukurasa mmoja tu, umebanwa kati ya matangazo ya vifo na michezo, kwa hiyo watu wanaupita mbio wakiwahi mpira. Hata hivyo nauandika kwa moyo. Nawapigia wataalamu simu mara mbili mbili, nahakikisha kila tarakimu, nasoma ripoti za kurasa mia mpaka kichwa kinagonga. Chini ya ukurasa, upande wa kulia, kuna kiboksi kidogo kinachoitwa "Msomaji Anasema". Hicho ndicho kilichoniponza.

Mhariri wangu, mtu ambaye hajawahi kumaliza habari hata moja ya sayansi, alikuwa na sheria yake. Habari ya wiki inadokezwa katika toleo linalotangulia, na kiboksi kisipopata maoni ya wasomaji kufikia Jumatano saa tisa alasiri, kinawekwa tangazo la magodoro. Na wasomaji hawakuandika. Nilitoa habari ya dawa mpya ya minyoo, kimya. Nikatoa ya betri za jua, kimya, isipokuwa mmoja aliyeuliza matokeo ya mechi ya Jumapili. Wiki tatu mfululizo jasho langu likatoka gazetini likiwa limelaliwa na godoro. Jumatano ya nne nikasema potelea mbali, nikamzua msomaji wangu mwenyewe.

Nilimwita Bwana Sikubali. Kazi yake ilikuwa kupinga, basi. Wiki ile nilikuwa nimeandika juu ya watafiti wanaochunguza pweza, mnyama mwenye mioyo mitatu, naye akajibu: "Pweza mioyo mitatu, mwenye nyumba wangu hata mmoja hana. Hiyo mioyo aliigawa nani?" Siku iliyofuata simu ya maoni ilipokea ujumbe sitini. Wote walikuwa wakimwandikia yeye. Hakuna aliyeuliza hata kwa bahati mbaya huyo pweza anaishi vipi.

Tangu hapo ikawa ndiyo hivyo. Nikiandika juu ya roboti anayekunja nguo, shati moja dakika sita, Sikubali anasema huyo si roboti, huyo ni mwanawe wa pili, wamrudishe nyumbani. Nikiandika juu ya darubini iliyoona nyota za mbali kupita kiasi, Sikubali anasema hao hao wameshindwa kuiona mita ya maji iliyo ukutani kwake. Watu walimpenda kufa. Naingia saluni, namkuta kabandikwa kwenye kioo. Naingia duka la dawa, yuko mlangoni. Wanakikata kiboksi kwa mkasi taratibu, wasije wakamjeruhi, na habari yangu niliyoihangaikia siku nne inabaki na tundu pembeni. Nilikuwa natamani kumshika mtu shati.

Lakini hakuna aliyempenda kumshinda mama yangu.

Mama ni fundi cherehani. Anashonea nyumbani, chumba cha mbele, sare za shule na mapazia. Kila Alhamisi mteja wa kwanza akifika anakalishwa kwenye stuli na kusomewa Bwana Sikubali kwa sauti, tena kwa madoido, mpaka anasahau alikuja kupimwa kiuno. Hakujua kwamba ni mimi. Kazini tulikuwa tumekubaliana siri isitoke, na pia, nikiri, niliona aibu. Wateja wakimsifia kwamba binti yake anaandika vizuri, mama anasema ndiyo, ila mambo marefu.

Sasa nieleze kilichokuwa kinaninyima usingizi. Mjomba wangu, kaka yake mama wa tumbo moja, alipofuka kwa presha ya macho. Siku ile daktari alitupanga sote kwenye benchi akatuambia ugonjwa huu unatembea kwenye familia, ndugu zake wapimwe haraka. Miaka miwili nimemwomba mama akapime. Nimeomba kwa upole, nimeomba kwa ukali, nimeomba mbele ya wageni ili aone haya. Jibu lake ni kuchukua sindano, kutunga uzi bila miwani, kisha kunitazama. Wakati huo huo bega lake la kushoto linagonga fremu ya mlango kila siku, na vikombe vikiwa upande wa kushoto wa meza havimalizi wiki. Mlango ndio anaoulaumu. Anasema fundi aliuweka vibaya, na mlango huo una miaka ishirini.

Kwa hiyo hospitali moja ilipoleta mashine ya kupiga picha nyuma ya jicho, niliidaka habari ile kwa mikono miwili. Nilieleza kwamba presha ya macho haiumi wala haiwashi. Inaanza kula pembeni polepole, na mwenye macho hana habari, kwa sababu jicho zima linamfichia bovu. Nilieleza kwamba kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone. Gazeti ni la watu wote, lakini kila sentensi nilikuwa namwandikia mama.

Jumatano saa nane na nusu mhariri akaja mezani kwangu akaniuliza Sikubali yuko wapi. Nikamwambia wiki hii hayupo, huu ni ugonjwa, hapa hatutanii. Akanijibu bila hata kuketi kwamba wenye magodoro wako tayari kuchukua ukurasa mzima, nichague. Yaani habari ya mama yangu ama itoke na mzaha chini yake, ama isitoke kabisa. Nilibaki na nusu saa na hasira tele. Nikaandika. Na balaa lenyewe ni kwamba ilitoka nzuri kuliko zote:

"Eti unaweza kuwa unapofuka na hujui. Macho ni yangu, nisijue mimi, ajue mtu wa kamera? Siku nikiacha kuona, mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kuona."

Alhamisi jioni nilipofika nyumbani nilimkuta mama kashika mbavu kwa kucheka. Kiboksi kilikuwa tayari kimebandikwa ukutani juu ya cherehani. Nikamuuliza kama ameisoma habari yenyewe. Akasema ataisoma. Nikatazama sakafuni nikaiona: ameikata iwe kipimo cha kola ya sare. Sentensi yangu ya matone ilikuwa inazunguka shingo ya mtoto fulani wa darasa la pili. Nilipofungua mdomo niseme tena juu ya kupima, mama alinyoosha kidole ukutani, akasema Bwana Sikubali ameshalimaliza hilo.

Nilikaa chooni dakika kumi nikijitukana.

Wiki iliyofuata nikajiona mjanja. Kama anamsikiliza huyo mtu, basi huyo mtu na amwambie. Nikaandika kwamba Bwana Sikubali amekwenda kupima macho, amekutwa na presha, amepewa matone, na anawaomba wasomaji wenzake waende. Hakukuwa na mzaha hata mmoja. Mhariri hakuisoma, kama kawaida yake, ikatoka.

Jamani, wasomaji walichachamaa. Ujumbe mia mbili na kitu kabla ya chakula cha mchana. Amehongwa. Ametekwa. Huyu si Sikubali wetu, mrudisheni aliye halisi. Mmoja aliandika kwamba tangu gazeti lianzishwe hajawahi kuona usaliti wa namna hii. Mwanamke mmoja alisema yeye ni mke wake wa zamani na alijua siku moja atageuka. Mke wa mtu niliyemzua mimi saa nane na nusu mchana! Mia mbili hao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza hospitali iko wapi.

Nilikuwa naendelea kushusha ujumbe mmoja baada ya mwingine, napandwa na mori, mpaka nikafika kwenye namba ninayoijua kwa kichwa. Ilikuwa ya mama.

"Bwana Sikubali, nilikuamini. Sasa umeanza kuongea kama binti yangu. Fundi wa mapazia."

Mhariri alikuja kunifokea kwamba nimeharibu mali ya gazeti. Alikuwa na mengi, sikuyasikia. Nilibeba mkoba wangu nikamwacha anaongea na kiti.

Mama alikuwa anapiga pasi pazia. Kiboksi cha mwanzo kilikuwa bado ukutani, kile kipya kilikuwa kwenye ndoo ya takataka. Sikukaa. Nilimwambia hapo hapo mlangoni kwamba Bwana Sikubali hayupo, hajawahi kuwepo, ni mimi. Pweza ni mimi, roboti ni mimi, mtu wa kamera ni mimi.

Hakuinua hata kichwa. Alisema nisimchoshe, mimi utani sina, hata nikiwa mdogo nilikuwa mtoto wa kurekebisha wenzangu. Nikamwambia anijaribu. Akatazama kilichokuwa karibu.

"Haya. Isemee hiyo pasi, kama yeye."

Wiki chache nyuma nilikuwa nimeandika juu ya pasi za kisasa. Nikavuta pumzi. "Wametengeneza pasi inayojizima ikisahauliwa," nikasema. "Shemeji yangu anajizima akikumbushwa, na hakuna gazeti lililomwandika."

Mabega ya mama yalianza kutikisika. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika ubao wa pasi. Nami nikaanza kucheka, mpumbavu mimi, nikidhani yameisha.  Kisha akaisimamisha pasi vizuri, akanitazama usoni, na nikaona kwamba ameumia.

"Kumbe utani unao," akasema. "Wageni wote mjini umewachekesha. Mimi hapa ndani miaka miwili unaniletea mahubiri."

 Ningeweza kumwambia naogopa. Ningeweza kumwambia kwamba namkumbuka mjomba akishikwa mkono kupelekwa bafuni na kwamba kila kikombe kikivunjika namwona yeye mahali pa mjomba. Miaka miwili ile yote sikuwahi kumwambia hivyo. Nilimwambia takwimu. Basi nikamwambia wakati ule, nimesimama mlangoni na mkoba begani, nalia kama mtoto na bado nimekasirika.

Mama alilimaliza pazia. Alilikunja, akalipanga juu ya mengine, akachomoa pasi. Akasema kesho atakwenda, lakini nisije nikajidanganya kwamba nimemshinda. Anakwenda ili yule mtu wa kamera amwone fundi anayetunga uzi bila miwani, aone haya mwenyewe.

Mpimaji alikuwa binti mpole mwenye koti jeupe lililolegea kifungo, na mama alilitazama hilo koti kwa uchungu wa kazi yake. Picha ilipigwa haraka. Kisha kikaja kipimo cha pili, taa za chumba zikazimwa. Mama alikalishwa mbele ya bakuli kubwa jeupe, kidevu kwenye kibao, akapewa kitufe. Aelekeze jicho katikati bila kulihamisha, na kila akiona kinuru, yaani nukta ya mwanga, kinawaka popote, abonyeze. Mimi niliruhusiwa kusimama nyuma ya mpimaji, ambako kompyuta ilionyesha kila kinuru kilipokuwa kinawaka na kama kimejibiwa.

Walianza na jicho la kulia, la kushoto likafunikwa. Kidole gumba cha mama kilifanya kazi. Vichache vya pembeni vilimpita, vingine vyote alivijibu. Mpimaji aliniambia kwa sauti ya chini kwamba limeguswa kidogo, matone yatalilinda. Nilishusha pumzi niliyoishikilia tangu siku ya benchi. Mama akasema kwa sauti kwamba hilo jaribio ni jepesi, hata mtoto anaweza.

Mpimaji akahamisha kifuniko. Sasa lilikuwa jicho la kushoto.

Kwenye kompyuta kinuru cha kwanza kikawaka, upande wa juu. Kikafuata kingine chini. Kingine kushoto. Kidole cha mama hakikusogea. Nikadhani kitufe kimeharibika, nikamnong'oneza mpimaji aangalie waya. Akatikisa kichwa bila kunitazama. Vinuru viliendelea, kumi, ishirini, arobaini, vikiwaka na kuzimika, na kila kimoja kikaandikwa kwamba hakikujibiwa. Hasira zilinipanda, na safari hii sikuwa na wa kumtupia. Sikuwa na mhariri wala wasomaji mia mbili. Nilikuwa mimi tu, na kichekesho changu kizuri kuliko vyote.

Mama alikuwa amekaa wima, kidevu mahali pake, kidole kiko juu ya kitufe, tayari kabisa.

"Waambie waanze basi," akasema. "Nina sare za watu nyumbani."