Leseni ya Mumbai

Gari la miraa halipangi foleni. Kila fundi wa Kianjai analijua hilo. Ukiwa umelala chini ya gari la mwalimu mkuu na pikapu ya miraa ikaingia, unatoka, unamwambia mwalimu asubiri, naye anasubiri bila neno. Miraa ikishakatwa asubuhi haina subira, na mwenye pikapu amebebeshwa mzigo wa watu kwa kuaminiwa tu. Ikikauka njiani, hasara ni yake.

Kwa hiyo Mwongera alipoingia Ijumaa ile, kitu kama saa tano, akipiga honi tangu barabarani, nilimwacha mteja niliyekuwa naye nikafungua boneti yake. Pikapu ilitoa moshi mweusi na haikuwa na nguvu. Nyuma, mzigo kutoka Muthara ulikuwa umepangwa mpaka juu, umefungwa kwa majani ya migomba na kufunikwa turubai. Ulitakiwa ufike Nairobi uingie ndege ya Mogadishu jioni hiyo.

"Nozeli," nilimwambia. "Moja imekufa. Nyingine ninayo."

"Dakika ngapi?"

"Ukinyamaza, nusu saa."

Kubadilisha nozeli si kazi. Kazi ni kompyuta. Magari ya siku hizi, ukiweka nozeli mpya lazima uijulishe kompyuta ya injini namba zilizochongwa kwenye kichwa cha nozeli hiyo, la sivyo inamwaga dizeli ovyo. Namba unaziandika kwa mashine ya kupimia, tableti yenye waya unaochomekwa chini ya usukani. Mashine unainunua mara moja. Programu iliyomo ndani unailipia kila mwaka, usipolipa inazima.

Hapo ndipo penye maneno. Mwaka wa kwanza wakala wa Nairobi aliniuzia leseni kwa shilingi tisini na sita elfu. Mwaka wa pili Hassan, mwenye duka la spea Meru mjini, ambaye huenda Mumbai kununua mali, aliniambia kule mafundi wanalipa elfu thelathini na moja. Sikuamini. Akanionyesha risiti kwenye simu. Programu ni ile ile, picha ni zile zile, hata ukurasa wa breki unaogandaga kwangu unaganda na kwao. Nilimpigia wakala nikamuuliza sababu. Akasema hiyo ndiyo bei ya Afrika, akakata.

Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini najua mzigo ukipita bandarini unatozwa ushuru, na ukipakiwa kwenye lori unakula dizeli. Programu hii haikupita bandari yoyote. Ilishuka kupitia simu yangu nikiwa nimekaa juu ya tairi. Sasa hizo elfu sitini na tano za juu ni za nini?

Hassan akaniandikisha kama fundi wa Mumbai, kwa anwani ya duka anakonunua spea na simu ya mwenye duka. Aliniachia sharti moja tu. "Fundi, ukiwa na gari kwenye mashine usiwashe mtandao. Ikipata mtandao itauliza iko wapi." Nililishika sharti hilo kama dawa ya presha.

Siku hiyo nozeli ilikuwa imeshakaa. Nilikuwa nimeandika namba zote na mashine ilikuwa inazipeleka kwenye kompyuta ya gari, mstari wa kijani unajaa polepole. Mwongera alikuwa anazunguka pikapu akiinua simu juu kama mtu anayetafuta mvua.

"Bando imeisha," alisema. "Kaberia, nigawie mtandao kidogo nione bei ya Eastleigh."

Watu wa miraa wana kundi lao kwenye simu, na bei ya Eastleigh, soko lao la Nairobi, inapanda na kushuka humo mchana kutwa. Asiyejua bei akifika Nairobi ananyonyolewa. Kumnyima mtu wa miraa mtandao saa hizo ni kama kumnyima maji ya radieta. Sikufikiri hata kidogo. Nilitoa simu mfukoni, nikawasha, nikamtajia neno la siri. Tableti iliijua simu yangu tangu siku niliyopakua programu. Ikajiunga kabla ya Mwongera.

Mstari wa kijani ukasimama. Likatokea dirisha jekundu lenye Kiingereza. Nilisoma neno moja moja: leseni hii ni ya India, mashine iko Kenya, ili kuendelea andika namba tuliyotuma kwa simu yako. Simu yangu hapo maana yake simu ya yule mtu wa Mumbai.

Nilizima mtandao. Dirisha halikuondoka. Nikazungusha ufunguo wa gari. Taa ziliwaka, injini ikazunguka na kuzunguka bila kushika. Kompyuta ilikuwa imeshafuta namba za zamani na haijamaliza kupokea mpya.

"Nini?" Mwongera aliuliza.

"Subiri."

"Nisubiri nini? Hiyo uso si ya kuniambia nisubiri."

Nikampigia Hassan. Simu iliita mpaka ikachoka. Nilipiga tena, akapokea mke wake, Mwanarusi. Akaniambia mume wake ametangulia msikitini, ni Ijumaa, simu ameiacha kaunta, na akitoka huko huwa anazungumza na watu weee mpaka chakula kinapoa. Nikamwomba amtume mtu. Akasema amekwisha sikia, atajaribu.

Kuna fundi mwingine Meru mjini mwenye mashine, lakini ni ya kampuni nyingine. Kazi iliyokatika katikati humalizwa na programu iliyoianza. Ilinibidi nimweleze Mwongera yote.

"Kwa hivyo uliiba," alisema.

"Nililipa. Nililipa bei ya Mhindi."

"Na wewe ni Mhindi?"

"Wewe bunda moja unauza ngapi hapa Kianjai? Na huko Mogadishu inauzwa ngapi?"

"Huko kuna ndege, Kaberia. Kuna ushuru. Kuna kuoza."

"Programu inaoza?"

"Mimi sitaki kesi ya programu. Nataka gari."

Alipandisha turubai akaingiza mkono mpaka kwenye kwapa, kama daktari wa ng'ombe. Akautoa akanusa vidole. "Imeanza kupata joto," alisema, safari hii kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ilinitisha kuliko kelele zake. Tukachota maji tukanyunyizia majani.

Pikapu nyingine ilipunguza mwendo pale getini. Dereva alitoa kichwa. "Mwongera, gari imelala? Nibebe nusu? Lakini tunagawana pasu kwa pasu."

"Endelea na safari yako."

"Nauliza tu, mzee. Usinikasirikie, kasirikia fundi."

Akaondoka. Nilijua kabla hajafika Meru atakuwa ameshaandika kwenye kundi lao kwamba Kaberia ameua gari la Mwongera. Na gereji yangu inaishi kwa magari hayo. Gari la mwalimu mkuu linakuja mara mbili kwa mwaka. Miraa ya Mwongera ikiozea uani kwangu, hakuna pikapu itakayoingia tena, na miaka yangu ishirini ya kulala chini ya magari imekwisha hapo.

Mke wangu Ntinyari alitoka kwenye duka lake la chakula cha kuku lililopakana na gereji. Alikuwa amesikia kila kitu, ukuta ni mabati.

"Hapo chini ya hiyo nyekundu kuna namba ya simu," alisema. "Si upige."

"Wataniuliza niko wapi."

"Si uko hapa."

"Nikisema niko hapa wananifungia."

"Na sasa wamekufungulia?"

Nikapiga. Wimbo ukacheza, kisha mwanamke akasalimu kwa Kiingereza, akasikia nilivyojibu, akageuka Kiswahili. Alisema anaitwa Wawira, yuko Nairobi, na mazungumzo yetu yanarekodiwa. Kwa jina na kwa matamshi nilijua ni mtu wa Embu. Nilimpa namba ya mashine. Nikasikia akibonyezabonyeza.

"Akaunti ni ya Mumbai," alisema. "Uko Mumbai?"

Nyuma yangu Mwongera alikuwa anamfukuza kwa Kimeru mbuzi aliyetaka kula majani ya migomba. Wawira akamsikia.

"Mzee wangu, nisikilize vizuri. Nikiandika uko Mumbai, natuma namba nyingine kwa simu ile ile ya Mumbai. Nikiandika uko Kenya, naifunga hii akaunti. Haifunguki tena. Utafunguliwa ya Kenya ulipe bei ya Kenya, mwaka mzima, halafu gari linaendelea pale lilipokwama."

"Na miezi niliyobakisha kwa hii?"

"Inapotea."

"Kwa nini ya huku ni mara tatu?"

"Sio mimi ninayepanga."

"Kwenu Embu mafundi wanalipa hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

"Na wewe unaona ni sawa?"

"Mzee wangu," alisema, "inarekodiwa." Kisha akauliza tena, polepole, "Uko wapi?"

Nilimtazama Mwongera. Alikuwa amekaa kwenye bampa, kofia mkononi, haniangalii. Hassan huenda alikuwa anavaa viatu mlangoni mwa msikiti. Huenda alikuwa bado ameinama. Na hata akipatikana, yule wa Mumbai naye ni Mwislamu, nani alijua naye yuko wapi.

"Niko Kianjai," nilisema. "Kaunti ya Meru, Kenya. Andika hivyo."

Bei ilikuwa imepanda tangu mwaka wa kwanza. Laki moja na nane elfu. Kwenye simu yangu kulikuwa na kama robo ya hiyo. Ntinyari hakungoja nimwombe. Alikuwa ameweka pesa za kumwaga sakafu ya nyumba, saruji na kokoto, tangu mwaka juzi.

"Chukua za sakafu," alisema. "Udongo tumeuzoea."

Bado zilipungua. Mwongera alisimama, akafungua zipu ya ndani ya koti, akatoa pesa za mafuta na za njiani.

"Huu ni mkopo," alisema.

"Toa ya nozeli hapo, inayobaki ndio mkopo."

"Hata sasa unataka ya nozeli?"

"Nozeli haikukosa."

Ntinyari akampelekea pesa hizo jirani mwenye kibanda cha M-Pesa, zikaingia kwenye simu yangu, nikalipa, nikawasha mtandao tena. Kwenye tableti kiduara kikaanza kuzunguka. Hapo hapo simu yangu ikaita. Hassan. Mtandao wa tableti ulikuwa unatoka kwenye simu hiyo hiyo, na mimi niliogopa kwamba nikipokea utakatika. Niliiacha iite. Iliita, ikanyamaza, ikaita tena. Ujumbe ukaingia: namba ya Mumbai, tarakimu sita, na chini yake ameandika, fundi iweke haraka.

Mwongera alisoma juu ya bega langu. Akaunti ya Mumbai ilikuwa imeshafungwa na pesa zimeshaenda.

Dirisha jekundu likaondoka. Mstari wa kijani ukaanza kutembea kutoka pale ulipokuwa umesimama, ukafika mwisho. Nikazungusha ufunguo. Injini ikashika mara ya kwanza. Moshi ulikuwa safi.

Mwongera aliondoka bila kufunga turubai sawasawa. Saa saba ilikuwa imepita. Niliosha mikono, nikarudi kwa gari nililoliacha asubuhi. Kila simu ilipolia nilikatiza kazi.

Alipiga jua likizama. Nilisikia magari na makuli nyuma yake.

"Ndege nimeikuta," alisema. "Wamekataa za juu, zilipata joto. Za chini wamechukua, wamekata bei."

"Wamekata sana?"

"Sana." Alivuta pumzi. "Jumatatu naleta breki uangalie."

"Lete. Lakini kupima kwa mashine kumepanda."

"Kumepanda mpaka wapi?"

Nilimwambia. Nilikuwa nimepiga hesabu mchana kutwa na haikuwezekana chini ya hapo.

"Huyu wa Meru mjini anachukua nusu ya hiyo."

"Ya kwake ni ya kampuni nyingine."

"Mimi breki zangu hazijui kampuni," alisema. Kisha nikasikia mtu anamwita, na simu ikakatika.

Ntinyari alikuwa mlangoni anafunga duka. "Anakuja Jumatatu?"

"Sijui," nilisema.