Mke Wangu kwenye Ukuta wa Ofisi ya Maji

Nilikwenda ofisi ya maji kugombana, nikamkuta mke wangu ukutani.

Nilikuwa nimejiandaa tangu nyumbani. Bili waliyoniletea ilikuwa ya mtu mwenye bwawa la kuogelea, na mimi ni mjane ninayeishi na ndoo mbili. Maneno ya kumtapikia karani nilikuwa nayo tele. Foleni ikasogea, nikafika dirishani, nikainua uso, na maneno yote yakaniishia mdomoni. Juu ya kichwa cha karani, ndani ya fremu nyeusi, alikuwepo marehemu. Ameegemeza shavu kwenye kiganja, macho ameyafumba nusu, kitambaa cha kichwa kimelegea kama alivyokuwa akikifunga akiwa ndani.

"Mzee, namba ya mita," karani akasema.

"Huyo nani?"

"Yupi?"

"Huyo mwanamke nyuma yako."

Akageuka kivivu. "Ni picha tu, mzee. Zimeletwa majuzi, kila ofisi imepata yake. Wakubwa wamenunua mtandaoni."

Mtu nyuma yangu akasema foleni hii ni ya maji, wanaotaka kuposa wasogee pembeni. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeona kijikaratasi chini ya fremu, nikamwomba karani anisomee. Akasoma: "Utulivu."

Hakuwa ametulia. Siku niliyomchora alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akisubiri dawa imshike, na alijiegemeza vile kwa sababu ubavu ulikuwa haumruhusu kulala. Maumivu ya mke wangu wameyaita Utulivu, wakayatundika mahali pa kuwapoza watu waliokuja na hasira zao za bili.

Kisha nikaliona kovu.

Kazi yangu ni kuchonga picha kwenye ubao. Unachonga kwa patasi ndogo, unapitisha wino kwa roli ya mpira, unalaza karatasi juu, unaisugua kwa mgongo wa kijiko, unaibandua. Picha hutoka kinyume na ubao, kama mtu na kioo chake, kwa hiyo anayechonga huchonga kinyume tangu mwanzo. Marehemu alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto, la tangu usichana wake. Ubaoni nilimchongea upande wa pili, ili likitoka kwenye karatasi lije mahali pake. Ila halikupata kutoka. Alipouona ubao umekamilika alisema, "Usinipake wino mpaka nisimame. Sitaki nitoke nikiwa hivi." Hakusimama. Nikaufunga ubao kwenye shuka lake, nikauweka juu ya kabati, mkavu vilevile.

Na pale ukutani kovu lilikuwa juu ya jicho la kulia. Basi hakuna aliyechapa. Mtu alipiga picha ubao wenyewe kwa simu, halafu mashine ikamjazia weusi. Na mtu aliyekuwa akiingia chumbani kwangu na simu mkononi alikuwa mmoja tu.

Niliondoka bila kutaja namba ya mita.

Binti yangu ndiye aliyenipeleka mtandaoni. Kabla ya hapo nilikuwa natandaza nakala zangu kwenye turubai, nje ya duka la vitambaa, mpaka askari wa manispaa anifukuze. Yeye akafungua ukurasa kwenye duka moja la picha, kwa jina lake, kwa kuwa mimi mambo ya kujaza na kubonyeza yananishinda. Mwanzoni mambo yalikuwa ya haki. Mtu akiagiza jogoo, nilimchapia jogoo kwa mkono, tukamfunga vizuri, akasafirishwa. Baadaye wakubwa wa duka wakaandika kwamba hakuna haja ya mimi kugusa karatasi. Tuwatumie picha ya kazi tu, wao wana mashine, watachapa ukubwa wowote mteja anaotaka, hata kwenye mito na vikombe. Nilisema jogoo wangu si wa kunywea chai. Binti akacheka akasema, "Baba, wewe chonga tu, mengine tuachie." Tuachie. Yeye na nani, sikuuliza. Na yeye polepole akaanza kuweka vya kwake palepale, viti na mabirika aliyoyachora kwa rangi, navyo vikapata watu. Nilijivuna naye. Nilikuwa namwita mama.

Alipokuja jioni ile kunioshea vyombo, sikumwita hivyo.

"Nimetoka ofisi ya maji," nikasema.

Kikombe kikasimama mkononi mwake. "Umeiona."

"Nimemwona."

Maji yalikuwa yanatiririka. Nikafunga bomba.

"Walikuwa wanataka kazi mpya, baba. Ukurasa usiowekwa kitu wanaushusha chini, hakuna anayeuona tena. Waliniandikia, wakaniandikia tena. Nikakubembeleza uchonge chochote, hata kijiko. Ukanijibu nini?"

"Nini?"

"Ulinigeuzia mgongo."

"Kwa hiyo ukamchukua mama yako."

"Nilichukua kazi yako."

"Ile si kazi."

"Ni nzuri kuliko zote ulizowahi kufanya. Watu wasiokujua ndio wanaosema hivyo, si mimi."

"Alisema asipakwe wino."

"Sikumpaka wino."

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Alishalifikiria jambo lile, akalizunguka mpaka akapata pa kupitia.

"Na mama alijua," akasema. "Niliupiga picha akiwa hai, wewe umekwenda kumchukulia dawa. Aliniambia nimpige vizuri."

"Mwongo."

"Haya, mimi mwongo." Akaendelea kukifuta kikombe kilekile. Jina la Utulivu, akasema, si lake. Duka ndilo lililoweka.

"Itoe."

"Nimeshajaribu. Wameiingiza kwenye kundi la picha za maofisini. Huko mkono wangu haufiki."

Asubuhi tukaenda, mimi na yeye, kwenye ofisi ya duka. Ofisi iko juu ya benki, mlango wa kioo, na ndani vijana wamekaa kwenye mito mikubwa ya sakafuni wakiwa na soksi tu, kama wako kwa shangazi yao. Nyuma ya ukuta mashine zilikuwa zinavuma. Msimamizi, mwanamke wa umri wa binti yangu, alitukaribisha kwa adabu sana, akauliza kama baba atakunywa kahawa.

"Baba amekuja kumchukua mkewe," nikasema.

Binti akamweleza ni picha ipi. Msimamizi akatugeuzia kompyuta, uso umemchangamka. "Hii! Hii inafanya vizuri mno. Benki wanayo, serikali wanayo. Watu wakiitazama wanatulia."

"Itoeni."

"Ingekuwa kwenye ukurasa wa kawaida tungeitoa sasa hivi. Hii ina mkataba, baba."

"Mkataba unaisha lini?"

"Unajirudia wenyewe." Akaona uso wangu, akaongeza haraka, "Lakini njia ipo. Mtu aliyechorwa akilalamika kwamba hakuridhia, tunaitoa kila mahali, na maofisini wanabadilishiwa. Mama anaweza kuja?"

"Hawezi."

"Hata kwa simu tunapokea."

"Aliko hakuna mtandao."

"Amefariki," binti akasema.

Msimamizi akatupa pole, na nadhani ilitoka moyoni, maana aliacha kubonyeza. Akasema basi mume anaweza kulalamika kwa niaba yake. Akachapa karatasi moja, akanisomea taratibu. Mimi, mume wa marehemu, nathibitisha kwamba picha yake iliwekwa dukani bila ridhaa yake, na kwamba aliyeiweka ni huyu. Na hapo kwenye huyu jina la binti yangu lilikuwa limeshaandikwa, kwa kuwa ukurasa ni wake.

"Huyu aliyeiweka anafanywa nini?"

"Ukurasa unafungwa."

"Na vitu vyake mwenyewe? Viti, mabirika?"

"Vyote. Na hatauza kwetu tena. Wala kwenye maduka mengine makubwa, kwa sababu tunapeana habari za watu wa namna hiyo."

"Wa namna gani?"

Alikuwa na haya ya kulisema mbele yake. "Wanaoweka kisicho chao."

"Na aliyeuza?" nikauliza. "Nyinyi ndio mliouza. Mmemchapa, mmempa jina lisilo lake, mmempeleka mpaka kwa watu wa maji. Hapa panaandikwa wapi?"

Akaipitia karatasi kweli, juu mpaka chini. "Sehemu hiyo haipo, baba."

Ndivyo walivyo hao wa juu. Walimsukuma mtoto alete kitu kipya, alete kipya, na alipoleta wakala wakashiba. Siku ya kuulizana wanajisogeza pembeni, wanamwacha baba na mwanawe na kalamu katikati. Mashine haitajwi. Mkubwa hatajwi. Huyo mwenye ofisi ya juu zaidi, ambaye hata msimamizi nadhani hajawahi kumwona, hatajwi kabisa. Lakini pia si wao walioingia chumbani kwangu na simu mkononi.

"Nipe muda, baba," binti akasema. "Nitaongea nao. Nitaandika kila siku mpaka waitoe."

Nilikuwa nimeshaanza kulegea. Nisiseme uongo, mkono wangu ulikuwa unairudisha ile karatasi mezani. Ndipo nikauliza, kwa kuuliza tu, imetundikwa wapi kwingine.

Msimamizi akasoma. Benki. Shirika la bima. Hospitali.

"Hospitali ipi?"

Akaitaja ileile. Ile ambayo tulikaa kwenye benchi la korido tukisubiri mganga mkuu atoke kwenye kikao, na kikao hakiishi, na marehemu ameegemeza shavu kwenye kiganja hivyohivyo, na manesi wanapita wanatwambia mvumilie, bado wakubwa wanaongea. Sasa yuko palepale koridoni, ndani ya fremu, anawatuliza wanaosubiri.

Nikaivuta karatasi.

"Samahani, lazima niulize," msimamizi akasema. "Una uhakika mama hakuridhia?"

Binti hakunitazama. Alisema akiitazama meza, sauti ya chini, "Aliniambia nimpige vizuri."

Msimamizi akatutazama, mimi, yeye, mimi. Kalamu akawa ameishika bado.

Sikuwa na uhakika. Mpaka leo sina. Inawezekana aliniambia mimi neno moja na binti yake neno jingine, na kama ndivyo, basi wamenizunguka wote wawili, mmoja hai na mwingine hayupo wa kumuuliza. Au binti alilitunga. Nikimfikiria anasema uongo naumia, nikimfikiria anasema kweli naumia zaidi.

"Mimi ndiye mumewe," nikasema. "Lete kalamu."

Nikaandika jina langu, herufi moja baada ya nyingine, maana mimi shule niliishia njiani. Msimamizi akapiga muhuri, akasema kufikia kesho itakuwa imetoka kila mahali. Akamwomba binti simu, wakashughulika na kitu, na nikaona kwenye kile kioo kidogo viti vyake na mabirika yake vinatoweka, na majogoo wangu pia, mpaka pakabaki peupe.

Kwenye ngazi ndipo aliponiambia.

"Umenishitaki, baba."

"Nimeweka jina pale waliponionyesha."

"Ulikuwa na uwezo wa kuacha."

"Na wewe ulikuwa nao."

Akatangulia kushuka. Nikasikia viatu vyake vinakwenda mpaka chini, nikadhani ameshaondoka. Nilishuka nimeshika chuma cha ngazi, maana macho yangu siku hizi hayaoni vizuri mahali penye giza. Nilipotoka nje nikamkuta amesimama ukingoni mwa barabara, mkoba amekumbatia kifuani. Magari yalikuwa mengi. Anajua siwezi kuvuka peke yangu pale.

Akanishika kiwiko. Tukasubiri, tukavuka hatua kwa hatua, yeye upande magari yanakotokea, kama anavyofanya siku zote. Tulipofika ng'ambo akaniweka vizuri juu ya ukingo, akahakikisha nimesimama, akaniachia. Akaenda zake bila kuaga. Nilimwangalia mpaka akachanganyika na watu, na jina la kumwitia lilikuwa mdomoni, na sikuita.