Nailoni ya Siku Saba

Laptopu ilizimika tena saa moja na dakika tatu asubuhi, katikati ya neno "mlalamikaji". Mpiga chapa hakuhangaika kuiwasha. Alitazama saa ya ukutani, akavuta daftari na kuandika: Imewaka 12:22. Imezimika 1:03. Dakika 41. Juu ya mstari huo ilikuwepo mingine mitano, ya tangu Jumanne, na hakuna uliofika dakika arobaini na tano.

"Imekata roho?" wifi yake aliuliza kutoka jikoni.

"Imezimika."

"Ipe muda. Kitu kipya kinaringa kama bibi harusi. Itazoea nyumba."

"Nimeipa wiki nzima, wifi. Leo ndiyo ya saba."

Kwa miaka tisa alikuwa akichapa kumbukumbu za baraza la ardhi, mkataba wa mwaka hadi mwaka, kwa kompyuta za ofisi. Mwezi uliopita baraza liliuza kompyuta zake zote na kubandika tangazo mlangoni: kuanzia Jumatatu hii, kila mpiga chapa wa mkataba aje na mashine yake mwenyewe, yenye uwezo wa kufanya kazi saa mbili bila kusimama. Asiye nayo atampisha mwingine. Aliichukua akiba ya miaka miwili, akaenda dukani Jumamosi iliyopita, akarudi na boksi.

Chini ya risiti palikuwa na sentensi moja kwa herufi ndogo: bidhaa itabadilishwa ndani ya siku saba ikiwa katika hali yake ya awali. Muuzaji alimfafanulia kwa ukarimu.

"Maana yake usiibandue nailoni, mama. Ukibandua tu, ni yako kufa na kuzikana."

Hakuibandua. Wala halikuwa jambo la ajabu mtaani kwao. Sofa ya wifi ilikuwa mwaka wa tatu ndani ya plastiki yake, na rimoti ya televisheni ilishafutika namba zote ikiwa bado ndani ya mfuko. Laptopu ilibaki na nailoni juu ya kifuniko, nailoni pembeni mwa kioo, na nailoni tumboni.

Saa tatu kamili walikuwa dukani, yeye na wifi, kabla vioo havijamaliza kufutwa. Muuzaji alipowaona alitabasamu, alipoliona boksi tabasamu likapungua. Akamwita fundi.

Fundi aliisikiliza habari yote, akapindua laptopu, akacheka.

"Mama, umeivalisha koti! Matundu ya hewa ni haya. Umeyaziba. Unataka ipumulie wapi?"

Kabla hajajibiwa, alishika ncha ya nailoni kwa kucha na kuivuta mara moja. Ilitoka nzima. Akaifinyanga na kuitupa kwenye kapu la taka.

"Muuzaji wenu ndiye aliyenikataza kuitoa," mpiga chapa alisema.

Muuzaji alianza kupanga chaja ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Fundi aliiwasha, akafungua hiki na kile kwa dakika kumi. "Haina shida."

"Dakika ya kumi haijawahi kuwa na shida. Shida yake ni ya arobaini."

"Kwa hiyo utakaa hapa dakika arobaini?"

"Tumeshakunywa chai, fundi," wifi alisema, akivuta kiti. "Wewe endelea na shughuli zako, sisi wageni wa siku nyingi."

Mpiga chapa aliiweka laptopu kwenye kaunta na kuchapa. Alichapa kesi ya mpaka wa shamba, majirani wawili na mti uliokatwa. Vidole vyake vilikwenda kwa mwendo ule ule. Wateja waliingia na kutoka. Fundi alipita mara tatu kuchungulia, mara ya tatu hakucheka tena. Aliinama na kutega sikio karibu na tundu la feni.

Saa nne kasoro dakika kumi na tatu kioo kilikuwa cheusi.

Fundi aligusa tumbo la mashine, akauondoa mkono haraka. "Feni haizunguki," alisema kwa sauti ya chini. "Haikuwa nailoni. Hii ibadilishwe."

"Mungu akupe maisha marefu," wifi alisema.

Meneja alitoka ofisini na miwani yake kichwani. Alisoma risiti pande zote mbili, akahesabu siku kwa vidole na kukubali kwamba ni saba. Halafu akaipindua laptopu.

"Nailoni ya chini iko wapi?"

"Ameibandua fundi wako. Hapa hapa."

Meneja alimtazama fundi. Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Nakuamini, mama," meneja alisema, na ilionekana anaamini kweli. "Lakini mfumo haunipi nafasi ya kuandika nani ameibandua. Unaniuliza, ipo au haipo. Nikijaza haipo, unakataa kubadilisha. Tutaipeleka karakana kuu. Wiki tatu."

"Jumatatu nina kazi."

"Pole sana."

"Pole haichapi," wifi alisema.

"Basi niandikie nyuma ya risiti kwamba imebanduliwa na fundi wa duka," mpiga chapa alisema.

"Hatuna utaratibu huo, mama."

"Mimi ninao."

Alikwenda kwenye kapu la taka, akaitoa nailoni, akainyoosha juu ya kaunta kwa kiganja na kuibana katikati ya kurasa za daftari. Kisha akasogea hadi kwenye laptopu ya maonyesho karibu na mlango, mashine ya aina ile ile, iliyobandikwa karatasi: NIJARIBU. Akavuta kiti. Akaandika juu, kwa herufi kubwa, kama anavyoandika kila siku ya baraza: KUMBUKUMBU. Chini yake: Waliohudhuria. Mnunuzi. Wifi wa mnunuzi. Muuzaji. Fundi. Meneja.

"Mama, hiyo si ya kufanyia kazi," meneja alisema.

"Imeandikwa nijaribu. Najaribu." Hakugeuka. "Fundi, ulipoibandua ilikuwa saa ngapi?"

Fundi alimtazama meneja, akautazama mkono wake mwenyewe.

"Saa tatu na dakika tano," alisema.

Mpiga chapa akaichapa. Alijua kwamba kumbukumbu ile haingeingia kwenye mfumo wowote, na kwamba Jumatatu asubuhi mtu mwingine angekaa kwenye kiti chake barazani. Hilo halikubadilisha mpangilio wa aya. Wateja wawili walisimama nyuma yake wakisoma mstari kwa mstari. Mmoja wao, mwanamume mwenye boksi jipya kwapani na risiti bado mkononi, alimaliza kusoma na kumgeukia muuzaji.

"Samahani, ndugu. Kwa hiyo mimi, nikifika nyumbani, nailoni niibandue au niiache?"

Muuzaji alimtazama meneja. Meneja aliishusha miwani yake, akaipandisha tena.

Mpiga chapa aliandika swali lote kama lilivyoulizwa, akashuka mstari, akaweka vidole juu ya herufi na kusubiri jibu.