Cherehani Iliyorudi kwa Miguu

Cherehani ilirudi Jumanne asubuhi, fundi akiwa anasuuza vikombe vyake viwili, amekalia ndoo aliyoipindua, kwa kuwa viti vilishachukuliwa. Ilipanda kibaraza polepole, maana meza yake ni nzito, ikaingia na kusimama mahali pake karibu na dirisha. Miguu ilikuwa imejaa matope. Fundi akaipangusa kwa tambara, akaitia mafuta, akatunga uzi. Sare za shule zilikuwa zimemngoja vya kutosha, na bila kushona asingekula.

Vitu vilikuwa vimeondoka kwa haraka. Saratani ya titi, ambayo fundi alidhani ameshaagana nayo, ilikuwa imepanda juu. Siku ya majibu alisindikizwa na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Daktari akasema, "Imefika kichwani," na wifi akanyanyuka palepale kwenda kutafuta mkokoteni. Yaliyofuata hakuyasikia.

"Lakini ni vidoa viwili tu, mama, kama punje za dengu," daktari aliendelea. "Kichwa ni kikubwa. Tutavilenga kwa mionzi, kimoja kimoja. Wapo wenye viwili kama hivi wanaokaa miaka."

Fundi alipofika nyumbani, ukoo ulikuwa umeshagawana. Si watu wabaya. Walimwachia vikombe na ndoo, wakampa pole ya msiba wake mwenyewe, naye akaitikia, asije akaonekana hana adabu.

Akaanza mionzi. Jumanne hiyo ndipo ilipokuja cherehani. Kesho yake likaja kabati, linahema. Kitanda kilichelewa mpaka Ijumaa kwa sababu shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa amekilalia. Kilimleta hivyohivyo na shuka lake, kikipita sokoni kwa uangalifu asiamke. Wauza nyanya walisogeza vikapu, kikapita. Shemeji alipofumbua macho, fundi alikuwa anapiga pindo.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Salama tu. Chai ipo?"

"Ipo. Vikombe si mliniachia?"

Akanywa, akaweka shuka begani, akaenda zake.

Wifi alikuja na mkokoteni. "Wifi, cherehani yangu imekuja huku?"

"Imekuja. Ichukue, ukiiweza."

Akaichukua. Ikarudi kabla hajamaliza kujisifu kwa majirani. Akaichukua tena, safari hii akaifunga kamba. Ikarudi na kamba. Hapo wifi akatumia busara. "Basi ikae hapa. Si unanitunzia tu?"

Mionzi ilipokwisha, wakapiga picha nyingine ya kichwa. Wifi alisindikiza tena, na mara hii alikaa mpaka mwisho. Kidoa kimoja hakikuwepo. Cha pili kilikuwa kimesinyaa, kimebaki kama kovu.

"Kwa hiyo, daktari, ni lini?" wifi akauliza.

"Lini nini?"

"Si unajua. Tujipange."

"Sijui, mama. Tutaendelea kumwangalia. Anaweza kukuzika hata wewe."

Wifi akacheka sana. Njia nzima alimsifu daktari yule kwa utani wake.

Jumamosi akaja kwa fundi na kitambaa cheusi, cha bei nzuri, kimekunjwa kwenye mfuko. Akasimama katikati ya chumba na kunyoosha mikono, kama mteja yeyote.

"Nishonee gauni refu, wifi. Mikono mirefu."

"La wapi?"

"La msibani."

"Nani kafa?"

"Wifi, nawe! Usinichoshe. Mimi sitaki kuhangaika siku yenyewe ikifika. Na hakuna anayeshona kama wewe."

Hilo lilikuwa kweli, na fundi hakulipinga. Akachukua futi, akampima mabega, kifua, kiuno. Akakata kitambaa mezani, na mbavuni akaacha nafasi pana pande zote mbili.

"Mbona unaacha kitambaa kingi hivyo?" wifi akauliza.

"Cha kufumulia," fundi akasema, pini mdomoni. "Mpaka uje ulivae, utakuwa umenenepa."