Nani Alionja Kwanza Kule Kana

Mjukuu wangu Emelyne alimchora Yesu akiwa harusini, huku kwetu Mishamo. Bibi harusi kaletwa na pikipiki, maji yamo kwenye madumu ya njano, na pombe ya mtama imewekwa kwenye chungu katikati ya wazee. Yesu kachuchumaa, kavaa shati jeupe, anavuta mrija. Watoto wenzake wa kipaimara waliipokezana ile katuni mpaka ikafika kwa katekista wao, Mwalimu Arcade, ambaye hakucheka.

Alimwondoa Emelyne kwenye mafundisho. Askofu alikuwa anakuja Jumapili kutoa kipaimara, na huku kwetu Askofu haji kila mwaka. Gauni jeupe lilikuwa limeshashonwa. Mtoto alilitundika ukutani akawa analitazama kama picha ya marehemu.

Mimi ndiye msomaji wa jumuiya yetu. Shule niliishia darasa la nne, nasoma kwa kidole, ila nasoma. Nikavaa miwani nikaisoma katuni kama ninavyosoma Injili, polepole. Kwanza ilinichukiza. Mama Maria kachorwa mwembamba mno, na mwanamke anayehangaikia vinywaji kwenye harusi ya watu hawezi kuwa mwembamba hivyo. La mrija sikuliona kosa.

Nikamwita Mwalimu Arcade tuzungumze. Akaja alasiri kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Bibi Specioza, mimi sina ugomvi na madumu," alisema akikaa. "Shida yangu ni mrija. Hakuna palipoandikwa kwamba Bwana alikunywa. Aliyeonja ni mkuu wa meza. Soma Yohana, sura ya pili."

"Nimesoma. Kunywa kwanza, umetoka mbali."

Nikamwekea kibuyu cha pombe ya mtama, nimeipika mwenyewe, mrija ndani. Nikakaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

Sasa, mtu wa kwetu hanywi pombe ya nyumba ya watu kabla mwenye nyumba hajavuta kwanza mbele yake. Ndiyo kutoa uchawi. Hata marehemu mume wangu nilimwonjea miaka yote, na bado alikuwa ananichungulia.

Mwalimu akakitazama kibuyu. Nami nikamtazama yeye.

"Karibu, Mwalimu."

"Asante. Nimeshakaribia."

Tukaongea mvua. Tukaongea mahindi. Akameza mate. Akakisogeza kibuyu kwangu kidogo, kama mtu anayempisha kuku. Nikakirudisha.

"Bibi," akasema hatimaye, "si utoe uchawi basi."

"Haijaandikwa," nikamwambia.

Akajifuta vumbi, likahamia shavuni.

"Ile ilikuwa Kana," akasema, "sio Mishamo. Na mkuu wa meza alionja bila mtu kumwonjea."

"Alionja kwa sababu hakujua imetoka wapi. Hilo limeandikwa. Waliojua ni wale watumishi waliojaza maji, tena kwenye mitungi ya maji ya kunawia. Hao walikunywa?"

"Haijasemwa."

"Wewe ungekunywa?"

Akafikiri. Huyu Arcade ni mtu wa haki, nampa hilo. Hasemi uongo hata pale ambapo ungemsaidia.

"Nisingekunywa," akasema.

"Basi mtoto kawahurumia watumishi. Kamwomba Bwana aanze yeye, wasiogope. Nyie makatekista mnaiitaje dhambi hiyo?"

Akaichukua katuni, akaikazia macho, kidole juu ya mrija.

"Jumapili aje mapema, akae na wenzake," akasema. "Ila kuanzia leo, chochote anachochora kipite kwako kabla mtu mwingine hajakiona."

"Kitapita."

Ndipo nikavuta mrija. Nilivuta sana, maana na mimi nilikuwa na kiu, halafu nikampa kilichobaki.

Emelyne alipakwa mafuta na Askofu Jumapili ile, gauni likiburuza kidogo. Tangu hapo kila katuni inaanzia kwangu. Juzi kaleta mke wa Lutu, kawa nguzo ya chumvi katikati ya barabara ya sokoni, kajifunga kilemba kama changu. Nimeipitisha. Nimemwambia tu amsogeze kando, pale alipo bodaboda watamgonga.