Kaa Kubwa, Katikati

Jamani, nina ofisi! Yenye mlango! Ngoja nivute pumzi nianze mwanzo.

Shangazi yangu ni msambazaji wa filamu za wale watengenezaji wadogo wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Huzizungusha ukumbi hadi ukumbi, akizisifia kama anaozesha mabinti. Mimi na shahada yangu kazi yangu ilikuwa kupokea simu. Juzijuzi akaniita.

"Nahamia upande wa kununua filamu nje. Kiti changu kinataka mtu. Chukua hii, uiuze mwenyewe. Ikimaliza wiki ukumbini, kiti chako. Ikitolewa, simu zako zinakusubiri, mwanangu."

Filamu yenyewe inaitwa *Kaa*. Mume anafunga sanduku aondoke, mke anataka kumwambia abaki, neno halitoki. Basi! Hakuna ngumi wala gari kulipuka. Mimi niliilia mpaka kope za bandia zikahama.

Nikampigia mchora mabango huku nakimbilia kikao: "Nataka Kaa kubwa, katikati, nyekundu, imshtue mpita njia!"

Jumamosi mchana nafika ukumbini kwa onyesho la kwanza, foleni imekunja kona. Nusura nirushe viatu kwa furaha. Kisha nikainua macho kwenye bango. Kaa. Yule wa baharini! Magando kama milango, mke na mume wamejibanza chini ya tumbo lake.

Mchora mabango alikuwa anajipiga picha mbele yake.

"Kaka, hii nini?"

"Si ulisema kaa kubwa, nyekundu?"

"Herufi! Angekuwa mnyama ningesema mkubwa, mwekundu!"

"Nikajua umekosea ngeli tu. Nyie wasomi Kiswahili kinawapiga chenga."

Mwenye ukumbi, tunamwita Mzee Bisi maana anapenda kuuza bisi kuliko sinema, akaja anachekelea. "Watu kama siafu! Huyo kaa anatokea saa ngapi?"

Nikamweleza ukweli. Tabasamu likazimika kama umeme.

"Binti, wakinidai kaa wao, kesho naing'oa filamu yako."

Nikaingia, nikakaa nyuma kabisa. Haukupita muda minong'ono ikaanza: "Kaa wetu yuko wapi?" Jamaa mmoja akanyanyuka kwa hasira aondoke, akaziba skrini, wakati uleule mume ameshika kitasa cha mlango.

Mama mmoja nyuma yake akafoka, "Kaa!"

Na mume kwenye skrini akageuka! Ndivyo filamu ilivyo, lakini wallahi ungesema kamsikia. Ukumbi ukaangua kicheko. Mume akarudisha uso mlangoni.

"Kaa!" akapiga kelele dada wa mbele.

"Kaa, bwana! Kaa na mkeo!"

Ukumbi mzima ukalipuka. Hata yule jamaa wa hasira alikuwa kashakaa, anaita kwa nguvu kuliko wote, bisi zinamtoka mdomoni.

Kama mume alibaki, sisemi. Nendeni mkaone, bado ipo! Wiki imekwisha na Mzee Bisi kagoma kuitoa. Bango nalo kakataza lisiguswe. Watu wanakuja kumpigia kelele mume wa watu, anasema, na kaa ndiye anayewaita.

Leo asubuhi Shangazi kanifungulia mlango wa ofisi yake, kaonyesha kile kiti.

"Kaa."

"Mnyama au kitenzi, Shangazi?"

"Kaa, kabla sijaghairi!"